Unesi Uingereza: tunayoambizana Moshi na yaliyopo kule

Zamu ya usiku ikitulia, maongezi ya manesi hapa Moshi huishia Uingereza. Mengi ni ya kusikia tu, na mengine humtoa mtu pesa mfukoni.

"Kule hakuna ubaguzi wa mshahara, kuna jedwali."
Jedwali lipo kweli. Tangu 2004 watumishi wa NHS, huduma ya afya ya umma kule, hulipwa kwa bendi, yaani ngazi za mshahara, kama sisi tulivyo na TGHS ya watumishi wa afya serikalini. Mweusi na mweupe walio bendi moja na hatua moja wana mshahara wa msingi ule ule. Shida iko kwenye kupanda. Nesi aliyesajiliwa huanzia Bendi 5, na dada aliyesimamia wodi hapa miaka 12 mara nyingi huwekwa humo humo, pamoja na binti aliyemaliza chuo juzi. Kabla hajafaulu mtihani wao wa vitendo na kupata namba ya usajili, hulipwa chini ya hapo. Takwimu za usawa wa rangi ambazo NHS yenyewe huzikusanya tangu 2015 hazijabadili wimbo: bendi zikipanda, weusi na Waasia wanapungua; na hata wote wakiitwa kwenye usaili, weupe ndio huchukuliwa zaidi.

"Hayo ni ya wageni wapya tu."
Wapya gani? Baada ya vita kuu ya pili, mabinti wengi wa Karibiani waliokwenda unesi Uingereza walisukumwa kwenye mafunzo ya miaka 2, ya daraja la chini, badala ya yale ya miaka 3. Wengi hawakuelezwa tofauti. Cheti kile kiliwafungia vyeo, na wakirudi kwao hakikuwafaa.

"Tanzania iko orodha nyekundu, kwa hiyo haturuhusiwi."
Orodha hiyo ya Uingereza, ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, inamzuia mwajiri na wakala kuja kututafuta. Nesi akiomba mwenyewe moja kwa moja, hakatazwi.

"Wakala lazima apewe chochote."
Sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Anayekudai milioni hapa mjini, muulize kwanza alikujaje kutafuta manesi nchi iliyo kwenye orodha nyekundu. Kisha omba mkataba: bendi ipi, hatua ipi, kabla ya usajili utalipwa kiasi gani, na ukiacha kazi mapema utarudisha kiasi gani.