Jar of Flies: tunayosimuliana na yaliyotokea

*Jar of Flies* ni rekodi ya Alice in Chains, bendi ya Seattle huko Marekani, ambayo hata watu wasioupenda muziki wa granji, ile roki nzito ya Seattle, huiweka usiku taa zikiwa zimezimwa. Ina nyimbo 7 na inachukua nusu saa hivi. Kwa vile inapendwa sana, imeota hadithi nyingi kuizunguka, na baadhi nimewahi kuzisimulia mimi mwenyewe kwa kujiamini kabisa.

Dhana: ni magitaa kavu matupu, hakuna umeme

Kosa hili nalielewa linakotoka. Wengi wetu tuliujua wimbo wa "Nutshell" kupitia kipindi cha MTV Unplugged, kilichorekodiwa Brooklyn, New York, Aprili 1996. Wimbo huo ndio uliofungua onyesho, wanamuziki wakiwa vitini na magitaa yao kavu. Tulipoitafuta rekodi yenyewe tulikuwa tumeshaamua ikoje.

Sasa isikilize tena. Wimbo wa kwanza, "Rotten Apple", unatangulizwa na besi ya Mike Inez, kisha linaingia gitaa linalosema kama mtu anayenong'ona huku anatafuna. Hapo mpiga gitaa wao Jerry Cantrell ana mrija mwembamba mdomoni: mlio wa gitaa la umeme unapita kwenye mrija huo, naye anauchonga kwa midomo mbele ya maikrofoni. "Nutshell" yenyewe ina gitaa la umeme linalolia katikati na mwishoni. "I Stay Away" imepambwa kwa vayolini, viola na selo. "Don't Follow" ina kinanda cha mdomo.

Kilichopunguzwa ni msongamano. Kwenye albamu yao ya *Dirt* ya 1992, magitaa yamerundikwa tabaka juu ya tabaka mpaka yanakuwa ukuta. Hapa kila chombo kina nafasi yake, na ukitaka kuifuata besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, unaweza.

Dhana: bendi iliuacha mtindo wake ili kuwapendeza watu wa redio

Mapema mwaka huohuo wa 1992, kabla ya *Dirt*, walikuwa wameshatoa *Sap*, santuri fupi ya nyimbo za taratibu, na ndani yake Ann Wilson wa bendi ya Heart na Chris Cornell wa Soundgarden wanasikika. Upole huu walikuwa nao tangu zamani. Isitoshe, mwimbaji wao Layne Staley alieleza kwamba waliingia studio na magitaa kavu kwa siku chache waone kitatokea nini, bila mpango wa kukitoa walichorekodi. Kampuni ya rekodi ndiyo iliyosikia ikapenda.

Dhana: ni wosia wa mtu aliyekuwa anaaga

Hapa nitakaa kidogo, maana hii inaharibu usikilizaji kuliko zote.

Staley alifariki tarehe 5 Aprili 2002, baada ya miaka mingi ya kusumbuliwa na dawa za kulevya. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, bendi nyingine ya granji, alifariki tarehe kama hiyohiyo, 1994. Ukiyajua hayo mawili, kila pumzi kwenye rekodi hii inaanza kufanana na kwaheri. Lakini tazama kalenda. *Jar of Flies* ilirekodiwa kati ya tarehe 7 na 14 Septemba 1993, ikatoka Januari 25, 1994, wiki 10 kabla ya kifo cha Cobain. Staley aliishi miaka 8 zaidi, na mwaka 1995 bendi ilitoa albamu nyingine kamili, ya umeme na nzito kwelikweli.

Kilichokuwapo Septemba ile ni shida za kawaida kabisa. Jamaa walirudi kutoka ziara ndefu wakakuta wamefukuzwa nyumba kwa kutolipa kodi. Wakahamia studio, ile ya London Bridge. (Jina lisikupoteze, haiko Uingereza, iko Shoreline, kaskazini tu ya Seattle.) Wakalala humo, wakatunga humo, wakarekodi humo, na fundi wao Toby Wright. Inez alikuwa mgeni, ameingia kwenye bendi mwaka uleule, na hii ndiyo santuri yao ya kwanza yenye besi yake. Mimi nikiisikiliza sasa nasikia wanne waliochoka, hawana pa kwenda, na mmoja bado anatafuta mahali pake kati ya wenzake. Huzuni imo, sikatai. Ila mkosi tumeubeba sisi wenyewe baadaye tukaja kuuweka juu yake.

Wala nyimbo zote si maungamo ya Staley. "No Excuses" na "Don't Follow" ni tungo za Cantrell, na hiyo ya pili anaianza kwa sauti yake mwenyewe kabla Staley hajaipokea. Hata jina la rekodi, nzi ndani ya chupa, linatoka utotoni kwa Cantrell. Shuleni walifanya jaribio la chupa mbili za nzi: za chupa moja wakazilisha kupita kiasi, za nyingine kidogo. Zilizoshiba zilizaliana mpaka zikafa kwa kubanana.

Dhana: haikusikilizwa ilipotoka, imegunduliwa juzi juzi

Hapana. Iliingia chati ya albamu ya Billboard moja kwa moja kwenye namba 1, nakala kama 141,000 wiki ya kwanza. Hakuna santuri fupi iliyowahi kufika hapo kabla yake.

Dhana: anayependa muziki wa namna hii anajitafutia majonzi

Mwaka 2014 watafiti Liila Taruffi na Stefan Koelsch walichapisha majibu ya watu 772 kuhusu wanachohisi wakisikiliza muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni, ilikuwa ile hamu ya yaliyopita, inayouma na kupendeza kwa pamoja. Mpenzi wa taarab au rumba za zamani hahitaji utafiti kulijua hilo.

Na rekodi hii si majonzi matupu hata kidogo. "No Excuses" inakimbia, ngoma za Sean Kinney zinatekenya, sauti za Cantrell na Staley zimeshikana kiasi kwamba huwezi kusema ya kwanza ni ya nani na ya pili ya nani. Wimbo wa mwisho, "Swing on This", unayumba kijazi kama walevi wanaorudi nyumbani. Nashuku wengi wanaosema rekodi hii haina hata tabasamu huizima baada ya wimbo wa 6.