Si kila kilichotokea enzi zake ni chake

"Nyerere aliua mkonge." Nimeisikia vijiweni Ngamiani hapa Tanga, nimeisikia Muheza kwa mzee aliyekata mkonge ujana wake wote, na juzi kijana mmoja amenitumia kwenye simu kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Sawa. Naandika mara hii moja, atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Kazi yangu ni wasifu. Nakaa na wastaafu wa siasa wa mkoa huu, nawarekodi, napekua mafaili yao, nabishana na watoto wao kipi kiingie kitabuni na kipi kibaki kabatini. Kumlaumu Nyerere si kosa, ana mengi ya kujibu. Kosa ni kuchukua kila kilichotokea nchini kuanzia 1961 hadi 1985 na kukiandika kwa jina lake. Wanaomsifu wanafanya vilevile: kila shule ni yeye, kila kisima ni yeye, amani yote ni yeye. Hao hamuwaandikii kwa herufi kubwa.

Tuanze na mkonge basi. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000 na dunia ilikuwa inatutazama sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa karibu na tani 30,000. Katikati hapo, 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwaka huohuo serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba (si yote, mengine yalibaki kwa watu binafsi, jambo ambalo vijiweni halitajwi kabisa). Mtu akiziona namba mbili na tarehe moja katikati, kesi imekwisha.

Lakini bei ilianza kuanguka kabla ya Azimio. Kamba za plastiki zilikuwa zinaingia sokoni kuchukua nafasi ya kamba zetu, na wenye mashamba, haohao Wagiriki, Waingereza na Wahindi tunaowakumbuka siku hizi kwa mapenzi, walikuwa wameanza kupunguza manamba, yaani vibarua wa mashambani, na kusita kupanda upya. Na hapa ndipo wasioujua mkonge wanaponichosha. Mkonge si mahindi. Ukipanda leo unasubiri miaka miwili mitatu ndipo ukate jani la kwanza, halafu unakata mwaka hadi mwaka mpaka mmea utoe mlingoti wa maua, ndio mwisho wake. Shamba ambalo halikupandwa upya 1965 halikuonyesha njaa 1966. Lilikuja kuionyesha miaka ya 1970, wakati korona, mashine ya kusindika majani ya mkonge, iko chini ya meneja wa shirika la umma. Lawama zikamwangukia aliyeshika funguo siku hiyo.

Nikifika hapa huwa nishaitwa mtetezi. Subirini. Kenya hawakutaifisha mashamba yao, na bei ileile iliwapiga, ila hawakuanguka kama sisi. Brazil bei ileile haikuwazuia kutupita. Kwa hiyo plastiki peke yake haitoshi. Kwetu kulikuwa na mameneja waliokabidhiwa mashamba bila kuijua kazi, vipuri visivyopatikana kwa sababu fedha za kigeni hazipo, na shilingi iliyoshikiliwa juu kuliko thamani yake, hivi kwamba anayeuza nje anaumia kwa kila tani. Hilo la shilingi mimi ndilo ningempa Nyerere mwenyewe, kwa jina. Aligombana hadharani na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya kushusha thamani ya shilingi, na makubaliano na shirika hilo yalikuja 1986, yeye ameshatoka Ikulu.

Sasa kiasi gani ni bei na kiasi gani ni uamuzi? Sina mzani wa kuvitenganisha, na namshuku yeyote anayedai anao.

Kuna jambo moja la watu waliokaa sana madarakani ambalo sijawahi kufanikiwa kulieleza kijiweni bila kukatizwa, kwa hiyo nitalichukulia nafasi hapa. Tanga ni ya waja leo waondoka leo. Mwanasiasa wa namna hiyo ni mwepesi kumpima: aliamua, akaondoka, matokeo yakamkuta mwingine. Aliyekaa Ikulu miaka 23 matokeo ya uamuzi wake yalimkuta palepale kitini. Kwa hiyo swali la nani alianzisha linapungua uzito, na lingine linapanda: alipoona linavyokwenda, alifanya nini?

Chukua Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Ilipitishwa 1962, na mwaka ule, tangu Januari, Waziri Mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu ili akijenge chama. Wapenzi wake wakifika hapo wanashangilia: mnaona, si yeye! Wasiompenda wanajibu kwamba alikuwa ndiye Rais wa TANU, nani angethubutu kuipitisha bila baraka zake? Nimesikiliza ubishi huu mpaka kahawa imepoa, na wote wanagombea mwaka usiofaa kugombewa. Desemba 1962 akawa Rais. Tangu hapo amri ya kumweka mtu kizuizini chini ya sheria ile ilitoka kwa mkono wa Rais. Sheria aliikuta mezani na 1985 aliiacha mezani. Nani aliileta bungeni ni aya moja ya kitabu. Miaka 23 ya kuendelea nayo ndiyo sura nzima, na ndiyo sura ambayo wasifu nyingi zinairuka kwa sababu haina tarehe ya kuishikia.

Ndiyo maana familia nyingi zinaniona msumbufu. Wananiletea picha za mzee akikata utepe. Mimi nataka muhtasari wa kikao cha miaka kumi baada ya utepe. Kiwanda cha Mbolea hapa Tanga kilianza kazi 1972, kikitegemea malighafi kutoka nje. Siku ya kuanza haiwezi kukuambia chochote kuhusu aliyekileta. Kinachoniambia ni majibu yaliyoandikwa pembeni ya taarifa za hasara, kama yalikuwepo.

Na msiniambie kukaa muda mrefu ni ushahidi wa kupendwa. 1965, 1970, 1975 na 1980 aligombea urais peke yake, kura ya ndiyo au hapana. Mimi naamini alipendwa kweli, ila karatasi ile haiwezi kunithibitishia.

"Soma kitabu alichoandika mwenyewe" ni ushauri mwingine wa bure. Nyerere hakuandika tawasifu kamili. Wasifu wake wa juzuu tatu uliotoka 2020 umeandikwa na watu watatu, Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Watu watatu, juzuu tatu, na bado kijiweni wanataka jibu la neno moja. Mkapa aliandika chake, kikatoka 2019, na humo aliyakiri mauaji ya Pemba ya Januari 2001 kuwa doa la urais wake. Nampa heshima kwa hilo. Lakini hata kukiri hufanywa na aliyestaafu, akichagua mwenyewe kipi akikiri na kwa kurasa ngapi.

Sisi waandishi nasi si wa kuaminiwa sana. Ukikaa na barua za mtu miezi kadhaa unamzoea, unaanza kuona sababu zake kabla ya kuona waliolipa gharama. Dawa yake siijui. Najilazimisha tu kwenda kwa waliolipa kabla ya kufungua faili, na hata hivyo barua hushinda, kwa sababu waliolipa hawakuandika barua.

Limebaki la kufunga hesabu. Wengi wanaifunga Novemba 1985, lakini alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na Mwinyi aligeuza sera za uchumi huku mtangulizi wake akiwa bado ndiye mkuu wa chama. Miaka hiyo mitano ni ya nani? Ndiyo ninayoifuatilia sasa. Mwenye mihtasari ya vikao vya chama mkoa wa Tanga vya 1985 hadi 1990, hata nakala iliyoliwa na mchwa, aniandikie. Picha za utepe ninazo za kutosha.