Hedifoni za Bei Nafuu kwa Msafiri wa Matatu: Dhana Potofu na Ukweli

Msafiri wa matatu anahitaji mambo mawili kutoka kwa hedifoni: imzibie kelele, na isimtoke sikioni gari linaporuka tuta. Mengine yote huja baada ya hayo. Lakini ukisimama kwenye duka la simu pale Kenyatta Avenue mjini Nakuru, au Oginga Odinga Street kule Kisumu, utasifiwa kila kitu isipokuwa hayo mawili. Utaambiwa toleo la Bluetooth, saa za betri, uzito wa besi, hadi taa zinazowaka kwenye kasha la kuchajia. Watu wanatoa pesa walizozitolea jasho kununua maneno yaliyochapishwa kwenye boksi, na ndiyo maana inafaa tuyapime maneno hayo moja baada ya jingine.

"Imeandikwa ENC, kwa hivyo itanizimia kelele"

Hii ndiyo dhana inayowala watu pesa kuliko zote, na wauzaji wengi nao wanaiamini kwa dhati. Kuna vifupisho viwili vinavyokaribiana kwa herufi: ANC na ENC. ANC ndiyo inayomfaa anayesikiliza. Maikrofoni ndogo hunasa kelele za nje, kisha hedifoni hutoa mawimbi ya sauti yaliyo kinyume cha zile kelele, na pande hizo mbili zikikutana zinafifishana. ENC ni jambo jingine kabisa. Kazi yake ni kusafisha sauti yako unapopiga simu, ili mwenzako wa upande wa pili asisumbuliwe na upepo wala honi. Wewe uliyevaa hupati utulivu wowote kutokana nayo. Ukiongea sana na wateja ukiwa njiani, ENC ni ya manufaa. Ukitaka kusinzia kutoka Kisumu hadi Nakuru, umenunua huduma ya mtu mwingine.

Kwa hivyo uliza swali moja dukani: "Hii ni ANC ama ni ENC?" Kisha usome boksi mwenyewe. Iafoni nyingi (hedifoni ndogo za kuingiza sikioni) za bei ya chini ambazo boksi lake linajisifu kwa kuondoa kelele ni za ENC.

"Nikishapata ANC, sitamsikia hata makanga"

Utamsikia. Amar Bose, mhandisi wa Marekani, alianza kuliwaza jambo hili mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, baada ya mngurumo wa injini kumharibia muziki aliokuwa akisikiliza. Kampuni yake ikaanza kuuza hedifoni za aina hiyo kwa marubani mwaka 1989. Tangu mwanzo, basi, teknolojia hii ililenga mngurumo mzito unaoendelea bila kubadilika, na hadi leo huo ndio unaoimudu vizuri. Matatu ikipanda kutoka Awasi kuelekea Kericho, injini ikinguruma kwa gia ndogo, ANC itakupunguzia huo mngurumo na utafika kichwa kikiwa chepesi.

Ila sauti nyembamba na za ghafla zinapita: honi, makanga akigonga bati la gari, mtoto akilia kiti cha nyuma, mama anayebishania chenji. Mawimbi ya sauti hizo ni mafupi na yanabadilika upesi, kwa hivyo ni vigumu kuyakabili kwa mawimbi ya kinyume. Kinachoyazuia ni kizuizi cha kawaida, yaani kitu kinachoziba tundu la sikio. ANC ya bei nafuu inayokaa kwa kulegea sikioni inashindwa na iafoni ya waya ya shilingi mia chache iliyoziba sawasawa. Mtu mwenye bajeti ya elfu moja au mbili namshauri aache kuisaka ANC kabisa, atafute kinachoziba.

"Raba zilizokuja zikiwa zimevalishwa ndizo saizi yangu"

Ndani ya boksi huwa kuna vijiraba vya ziada, mara nyingi saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Ile ya kati ndiyo huja ikiwa imevalishwa, na wengi hawazigusi zile nyingine hadi zinapotea. Lakini matundu ya masikio hayafanani, hata ya mtu mmoja. Si ajabu sikio la kulia likataka saizi ya kati na la kushoto kubwa.

Jaribio lake ni rahisi. Vaa iafoni bila kucheza chochote, usikilize kama kelele za barabarani zimepungua. Kisha cheza wimbo unaoujua vyema uone kama besi ipo. Besi ikikosekana, ibonyeze iafoni kidogo kwa kidole. Ikirudi ghafla, raba haizibi. Kuongeza sauti ili kufidia besi inayovuja ni kama kujaza ndoo iliyotoboka. Badilisha raba kwanza. Za silikoni ndizo za kawaida, na ziko za sponji unazozifinya ndipo zitanuke ndani ya sikio. Hizo huziba zaidi ingawa huchakaa haraka.

Jaribu pia kutafuna na kugeuza shingo huku umezivaa. Iafoni ikitoka ukiwa umesimama dukani, itatoka mara nyingi zaidi kwenye tuta la kwanza, na kuitafuta chini ya viti vya matatu iliyojaa si kazi ya kumtakia mtu.

Zile zenye umbo refu la plastiki tupu, zisizo na raba, ni starehe nyumbani na huacha sauti za nje zikuingie. Faida hiyo ndiyo kasoro yake ndani ya gari.

"Nikiongeza sauti nitaifunika kelele ya gari"

Hapa naomba tukae kidogo, maana jambo hili halina marekebisho likishaharibika. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Watu wengi hukwama kwenye hesabu ya desibeli, kwa sababu haipandi kama ya shilingi. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 83 unabaki na saa 20 kwa wiki, kwenye 86 saa 10. Ukifika 90 umebakiwa na kama saa nne kwa wiki nzima, na kwenye 100 ni takriban dakika 20.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton anayepanda gari Njoro kila asubuhi na kurudi jioni. Matatu ina spika zake, abiria wanazungumza, na iafoni yake hailingani na sikio. Anaongeza sauti ili aushinde muziki wa dereva. Kelele zile za gari hazijaondoka, zimebaki palepale, na juu yake ameongeza za kwake. Masikio yakianza kulia mbiu baada ya kushuka, au watu wakisikika kama wameziba midomo, sikio limeshapokea zaidi ya uwezo wake.

Ndiyo maana suala la raba si la starehe peke yake. Iafoni inayoziba inakuruhusu kusikiliza kwa sauti ya chini na bado usikie kila neno. Na siku ambayo muziki wa gari umezidi, vizibo vya sponji vya masikio vinavyouzwa kwenye duka la dawa au la vifaa vya ujenzi vitakusaidia kuliko hedifoni yoyote ya bei nafuu. Vaa hivyo peke yake, bila muziki, upumzike.

Jambo moja la njia zetu: Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu kama mita 1,130. Wakati wa kushuka, shinikizo la hewa hubadilika na masikio huziba. Iafoni iliyoziba sana huongeza usumbufu huo. Zitoe, umeze mate au upige miayo, kisha uzirudishe.

"Za waya zimepitwa na wakati"

Kwa pesa ileile, ya waya mara nyingi hutoa sauti bora kwa sababu gharama haikugawanywa kwa betri mbili, redio ya Bluetooth na kasha. Haihitaji chaji. Haichelewi nyuma ya picha unapocheza gemu. Upande mmoja haupotei.

Kisha kuna redio, na hili watu wa kwetu wanalijali. Simu nyingi zenye FM hutumia waya wa iafoni kama erio, yaani antena ya kunasa mawimbi. Bila waya huo, hushiki stesheni, labda uingie intaneti ule bando. Anayetaka kusikiliza Ramogi FM, Mulembe FM au taarifa za Radio Citizen njiani bila kutumia hata shilingi moja ya data, iafoni ya waya ndiyo yake.

Udhaifu wake unajulikana: waya hukatikia pale unapokutana na pini. Chagua yenye pini iliyopinda na shingo laini ya mpira, na usiizungushe simu kwa nguvu ukiiweka mfukoni. Kama simu yako haina tundu la duara, itabidi ununue kiunganishi cha Type-C. Angalia sana hapo, kwa sababu baadhi ya simu zinahitaji kiunganishi chenye chipu ya kubadili sauti ndani yake. Nenda na simu yako, kijaribu papo hapo.

"Boksi limesema saa 30"

Saa hizo ni za iafoni pamoja na kasha. Iafoni yenyewe huenda ikacheza saa tano au sita, kisha uirudishe kwenye kasha ijaze tena, mara kadhaa, hadi jumla ifike 30. Vipimo hivyo kwa kawaida hufanywa sauti ikiwa katikati, na ANC ikiwa imezimwa. Kwa safari ya Kisumu hadi Nairobi, namba unayoihitaji ni ile ndogo: inacheza saa ngapi bila kurudi kwenye kasha.

Namba nyingine za boksi hazihitaji maneno mengi. Toleo jipya la Bluetooth husaidia muunganisho na matumizi ya betri, ila halifanyi spika mbovu iwe nzuri. Spika ya milimita 13 si lazima iishinde ya 10, kwani ufundi wa kuitengeneza ndio unaoamua. Wanaoogopa kwamba Bluetooth inachoma ubongo wajue kwamba mawimbi yake hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili, na nguvu inayotolewa na iafoni ni ndogo kuliko ya simu yenyewe inapopiga. IPX4 inamaanisha inastahimili maji ya kurushiwa, kama jasho na manyunyu. Haimaanishi kuogelea, na ile X inaonyesha kwamba haikupewa kiwango chochote cha vumbi. Kasha mara nyingi halina kinga hiyo hata kidogo, kwa hivyo mvua ya alasiri ya Kisumu isilikute mkononi.

"Inafanana na ile ya bei ghali, kwa hivyo ni ileile"

Nakala za AirPods, iafoni za kampuni ya Apple, zimeigwa hadi picha inayojitokeza kwenye simu unapofungua kasha. Picha hiyo si ushahidi wa chochote. Nembo ya kampuni kubwa kwenye bidhaa ya shilingi elfu moja mara nyingi ni feki, na ukinunua feki unalipia jina ambalo hukulipata. Afadhali jina dogo la kweli kama Oraimo, kampuni ambayo bidhaa zake ziko kwenye maduka mengi ya miji yetu, kuliko jina kubwa la uongo. Dai risiti na uulize waranti ni ya muda gani, tena uulize iafoni moja ikifa utaipeleka wapi.

Zijaribu kabla ya kulipa, na uzijaribie mlangoni, penye kelele za barabara, kwa sababu ndiko utakakozitumia. Sikiliza wimbo mmoja, kisha sauti ya mtu akiongea. Besi nzito hupendeza kwa dakika mbili dukani, halafu inameza maneno ya mtangazaji safari nzima. Piga simu pia. Na zile za maonyesho zilizopita kwenye masikio ya watu wengi, zifute kwa spiriti au uombe raba mpya, kwani maambukizi ya sikio yanaweza kusambaa kwa njia hiyo.

"Kwenye bodaboda nitavaa sikio moja tu"

Ubongo hutambua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha inavyofika kwenye masikio mawili. Ukiziba moja, utaisikia honi bila kujua iko kushoto au kulia. Hilo linamhusu mwendeshaji, abiria wake, na anayetembea pia. Ukishuka Kondele mjini Kisumu, ambako tuktuk na pikipiki hutokea kila upande, zitoe zote mbili kabla hujakanyaga lami, uzifungie kwenye kasha, ndipo uvuke.