Hukupigwa Rafu, Ulitua Vibaya: Elimu ya Goti kwa Wacheza Bonanza

Msimu wa bonanza umeanza tena hapa Dar, na Jumatatu asubuhi benchi letu la fiziotherapia linajaa vijana wenye bandeji gotini. Ukimuuliza mmoja imekuaje anakwambia "kuna jamaa alinikanyaga". Haya. Ukimwomba asimulie pole pole unakuta huyo jamaa alikuwa mita mbili nyuma yake, yeye alikuwa anakimbia pembeni akataka kukata kuingia ndani, njumu ikaganda chini, kiwiliwili kikageuka, akasikia "pwa!" na goti likavimba hata kabla hajafika kwao.

ACL, ile ligamenti (kamba ngumu inayoshikanisha mifupa) ya ndani ya goti, sitaieleza sana, mnaijua nyie kuliko sisi, mnaitaja kila mchezaji wa Ulaya akiumia. Msichokijua ni kwamba takriban asilimia 70 ya ACL zinakatika bila mtu yeyote kugusa hilo goti. Tafuteni video ya mshambuliaji Zlatan Ibrahimović, Aprili 2017, mechi ya Manchester United na Anderlecht. Karuka juu, katua na mguu wa kulia, goti likanyooka kupita kiasi, basi.

Ukikimbia tu, kila hatua mguu unapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako, kwaiyo mtu wa kilo 70 anapokea kama kilo 140 mpaka 210, na ukitua na mguu mmoja baada ya kuruka kupiga kichwa inapanda zaidi. Goti likiwa limekunjwa, paja na makalio vinapokea ule mzigo kama shokapu. Likiwa limenyooka alafu linaangukia ndani huku unyayo umetazama nje, misuli haina nafasi ya kusaidia, mzigo wote unakwenda kwenye ligamenti. Na inakatika ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde hivi baada ya mguu kugusa chini, akili haiwahi. Ndo maana "nitakuwa makini" sio kinga, mwili lazima uwe umeshazoea kutua vizuri siku nyingi kabla ya mechi.

Jipimeni nyumbani. Simama kwenye ngazi mbele ya kioo, shuka taratibu kwa mguu mmoja. Goti likikimbilia kwenye dole gumba badala ya kufuata kidole cha pili, una kazi ya kufanya. Dada zetu mnaocheza mpira na netiboli lijaribuni zaidi hili, hatari yenu ni mara mbili ya wanaume au hata zaidi.

Sasa kupasha. Kuvuta mguu nyuma mara mbili alafu kumpiga kipa mashuti sio kupasha, jamani, tumesema mpaka tumechoka. Kuna programu ya FIFA 11+, dakika 20, mazoezi 15, ni bure na hamhitaji gym. Wasichana wa Norway walipoitumia msimu mzima majeraha yao yalipungua karibu theluthi. Ndani yake kuna lile zoezi la kupiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajishusha mbele pole pole bila kukunja nyonga, hilo linalinda misuli ya nyuma ya paja. Angalau mara mbili kwa wiki, sio siku ya fainali.

Ukiumia: siku mbili tatu za mwanzo usichue, usikande na maji ya moto. Hakuna "mshipa uliokaa vibaya" wa kurudishwa, na mchua misuli wa timu anayekuvuta goti lililovimba anakuongezea tatizo hata kama nia yake ni njema. Ukishindwa kukanyagia hatua nne, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Utaratibu wetu: unaanza kwa daktari, sio kwetu. Daktari anakupima, anaandika rufaa, rufaa lazima iwe na tarehe, sahihi na mhuri, ukikosa kimoja utarudishwa dirishani na tafadhali msigombane na wahudumu. Wenye bima ulizeni kwanza kama MRI (kipimo cha picha ya ndani ya goti) inahitaji kibali. Karatasi ya ED, ile ya kupumzika kazini, inatolewa na daktari tu. Sisi hatutoi, haturefushi, na kubadilisha 3 ikawa 8 kwa kalamu ya bluu ni kughushi, ni kosa la jinai, mwajiri akipiga simu kuulizia tutasema kilichoandikwa kwenye faili.

Waliofanyiwa upasuaji wa ACL, miezi 9 ndio mwanzo wa kuzungumza habari ya kurudi uwanjani, na hata hapo tunapima, mguu ulioumia ufikishe walau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake. "Sisikii maumivu" sio kipimo. Zlatan alirudi baada ya miezi saba akiwa na jopo zima la wataalamu nyuma yake, wewe una mimi na mpira wa kunesa mmoja tunaogombania watu kumi na mbili.

Na mkija njooni na kaptula, suruali ya jinsi haipandi juu ya goti lililovimba.