Cherehani barazani: yanayosemwa kuhusu kudai uwazi, na ukweli wake

Mwaka jana, hapa Ngarenaro, Arusha, fundi cherehani mmoja alichukuliwa na maofisa asubuhi akiwa anafungua kibanda chake. Ni Muha wa Kasulu, kule Kigoma jirani na Burundi, na lafudhi ndiyo iliyomponza: kuna mtu alipeleka neno kwamba ni Mrundi. Siku tatu mkewe alizunguka na hotipoti ya ugali, ofisi hii ikimtuma ile, na hakuna aliyemwambia mumewe yuko wapi wala anashikiliwa kwa kosa gani. Siku ya nne akaitoa cherehani barazani kama kawaida, akaifunika khanga, akaweka benchi pembeni na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: "Fundi yuko wapi? Tunaomba kujibiwa." Majirani tukakaa pale kwa zamu, kimya. Mwenyekiti wa mtaa tulikuwa tumeshamwarifu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Haya ndiyo niliyoyasikia kwa wapita njia wiki ile.

"Mnatetea wahamiaji haramu"

Hili liliniuma kuliko yote, maana lilisemwa mbele ya watoto wa fundi. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inawapa maofisa mamlaka ya kumhoji na kumkamata wanayemshuku, na hakuna aliyekaa kwenye benchi lile aliyeyapinga mamlaka hayo. Tulichouliza ni yuko wapi na ameshikwa kwa sheria gani.

Tena maswali hayo yanamgusa raia kuliko anavyodhani. Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa hapa Arusha, ilitoa hukumu ya mtu aliyekwenda polisi Babati mwaka 2012 kufuatilia taratibu za ndoa yake. Pasi yake ikazuiwa, uraia wake ukatiliwa shaka. Mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki akiishi katikati ya mpaka kule Sirari, huku hatakiwi na kule hatakiwi. Mtu mwenye cheti cha kuzaliwa na pasi ya Tanzania! Mahakama ilisema mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia ulikuwa wa serikali, na kwamba alinyimwa haki ya kusikilizwa. Ukisikia mtu anasema "mimi Mtanzania halisi, hayanihusu," msomee habari hii polepole.

"Ni mambo ya usalama, raia haulizi"

Zipo taarifa ambazo sheria inaruhusu zizuiwe, za usalama wa taifa zikiwemo. Lakini Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Na anayekamatwa anapaswa kuambiwa kosa lake. Hiyo imo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, wala si fadhila ya ofisa mwenye roho nzuri. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ya hapa mjini, iliamua dhidi ya Uganda kwa sababu wakili wa Kenya alizuiwa Entebbe na kurudishwa kwao bila kupewa sababu. Maofisa wa mpakani walikuwa na mamlaka, ila mamlaka hayakuwaondolea wajibu wa kueleza.

"Lazima mpate kibali cha polisi"

Kwa mkutano wa hadhara au maandamano, sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Hiyo ni taarifa, hauombi kibali. Hata hivyo polisi wanaweza kuzuia, na wakizuia, usiende kushindana nao barabarani: rufaa inapelekwa kwa Waziri kwa maandishi.

"Mnaiga Wazungu"

Najua yanatoka wapi haya. Mwaka 2025 simu zetu zilijaa video za maofisa wa uhamiaji wa Marekani waliofunika nyuso, na za wakazi wa Chicago wakipuliza filimbi kuwatahadharisha majirani. Ile ni nchi yao na sheria zao.

Sisi tuna ya kwetu. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walipiga kambi Same kupinga kodi ya mbiru, bila kushika silaha. Na hapa Meru, Novemba 1951, wakoloni waliwahamisha watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili walowezi wapate ardhi. Wameru walichangishana, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa akaseme mbele ya dunia kilichotendeka. Babu zetu hawakumwiga mtu.

"Khanga juu ya cherehani itasaidia nini?"

Peke yake, haba. Kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokaa Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1992 walipigwa na kutawanywa, wakahamia kanisani, wakaendelea kukaa miezi na miezi, na wengi wa watoto wao wakaachiwa. Walikuwa na dai moja linaloeleweka na hawakuliacha.

Ndiyo maana siku ileile ya khanga tulipeleka barua, nakala mbili, moja ikarudi na muhuri wa kupokelewa. Baada ya siku mbili mama aliitwa, akaonyeshwa mumewe, akaambiwa kinachochunguzwa. Alileta cheti cha kuzaliwa cha fundi na cha baba mkwe wake, na wiki iliyofuata fundi alirudi.

"Ikishindikana tutakwenda mahakama ya hapa Arusha"

Ipi? Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kuishtaki moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika, na mlango huo ulifungwa Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki bado ipo wazi, lakini muda wake ni miezi miwili tu, inayohesabiwa tangu kitendo kilipofanyika au siku uliyokijua. Siku uliyompata wakili haiingii kwenye hesabu hiyo.