Mbwa wa prairi: shimo peke yake halimlindi

Wengi hudhani kwamba mbwa wa prairi, mgugunaji wa jamii ya kindi anayeishi katika nyanda za majani za Amerika Kaskazini, hujilinda kwa kukimbilia shimoni tu. Ukweli ni kwamba shimo ni kimbilio la mwisho. Wale wa aina ya mkia mweusi hukata majani marefu yanayozunguka makazi yao, hata yale wasiyoyala, ili koyoti, mnyama mwindaji wa jamii ya mbwa, akose pa kujificha, na huishi wengi pamoja ili macho ya kulinda yawe mengi. Tuta la udongo mdomoni mwa shimo huzuia mafuriko, na huwa pia mahali pa kusimama mlinzi.

Dhana nyingine, ambayo kwangu ndiyo inayowadhulumu zaidi, ni kwamba milio yao ya hatari ni kelele za woga tu. Con Slobodchikoff wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, aliyewachunguza mbwa wa prairi wa aina ya Gunnison kwa miongo kadhaa, alibaini kuwa mlio wa kutahadharisha juu ya mwewe si ule wa koyoti, wala wa mbwa, wala wa binadamu, na kwamba hubadilika hata kwa rangi ya nguo aliyovaa mtu. Milio iliyorekodiwa ilipochezwa pasipo adui yeyote, wanyama hao walijihami kama vile adui mwenyewe amefika. Wanasayansi bado wanabishana iwapo hiyo iitwe lugha, lakini kwamba milio hiyo imebeba taarifa halina shaka.

Wanavyosalimiana kwa kugusana midomo huwafanya watu waamini kwamba wanaishi kwa amani tupu. La hasha: miongoni mwa wenye mkia mweusi, majike wanaonyonyesha huua watoto wa majike wenzao, hata wa ndugu zao wa damu.

Wapo pia wanaowaona kuwa chimbuko la tauni. Ugonjwa huo uliletwa Amerika Kaskazini na meli takriban mwaka 1900, na wao, wasio na kinga dhidi yake, huweza kufa karibu wote katika koloni moja, yaani kundi linaloishi pamoja. Kicheche wa miguu myeusi, anayewategemea kwa chakula na aliyedhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena katika jimbo la Wyoming, Marekani, mwaka 1981, huangamia pamoja nao. Ndiyo maana wahifadhi hupuliza dawa ya unga mashimoni ili kuua viroboto wanaoeneza tauni hiyo.