Kifaransa cha kuulizia bima ya dhahabu, kamera na vitu vya thamani

Mpangaji nchini Ufaransa analazimika kuwa na bima. Sheria ya tarehe 6 Julai 1989 imemwekea wajibu huo, na bila cheti cha bima mwenye nyumba anaweza kukataa kumkabidhi funguo. Lakini bima hiyo ya lazima inahusu madhara ya moto, mlipuko na maji katika nyumba uliyopanga. Bangili zako za harusi hazimo. Ili mali yako iguswe, unahitaji mkataba mpana zaidi, ule unaoitwa *assurance multirisque habitation*, na hata huo una vyumba vyake vilivyofungwa.

Ukifika kwa wakala, anza na *Bonjour madame* au *Bonjour monsieur*. Kuingia moja kwa moja kwenye shida yako bila salamu huonekana utovu wa adabu kule, kama ilivyo kwetu. Kisha uliza: *Est-ce que mes bijoux sont couverts ?* Yaani, je, vito vyangu vimo kwenye bima? Ukijibiwa *oui*, usiondoke. Fuatiliza na *Jusqu'à quel montant ?*, hadi kiasi gani? Vito huwekewa kikomo chao, mara nyingi kidogo kuliko cha fanicha, na kila kampuni ina tafsiri yake ya *objets de valeur*. Kamera inaweza kuhesabiwa kitu cha thamani kwa kampuni moja, na kwa nyingine ikawa kifaa cha kawaida.

Swali la tatu: *Quelle est la franchise ?* Hapa unauliza kiasi utakachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Franchise ikiwa euro 300 na simu iliyoibwa ina thamani ya euro 280, hulipwi kitu. Uliza pia *Est-ce remboursé en valeur à neuf ?*, yaani, je, hulipwa kwa bei ya kitu kipya? Maana bila kipengele hicho kompyuta yako ya miaka minne itakatwa thamani kwa uchakavu, nao huuita *vétusté*.

Swali ninaloliona muhimu kuliko yote kwa msomaji wa Kiswahili ni hili: *Et si je m'absente deux mois ?*, na nikiwa sipo nyumbani miezi miwili? Anayekwenda kusalimia wazazi Mombasa, Bukavu au Bujumbura haendi kwa wiki moja. Mikataba mingi husitisha kinga ya wizi nyumba ikikaa bila mtu kupita idadi fulani ya siku kwa mwaka. Idadi hiyo imeandikwa, ila huwa mbali sana na ukurasa wa bei. Na kama unasafiri na dhahabu yenyewe, uliza *Sont-ils couverts hors de chez moi ?*, je, vina bima nje ya nyumba yangu?, kwa sababu kinga nyingine huishia mlangoni.

Kuhusu ushahidi: *Et si je n'ai plus la facture ?*, na kama sina tena risiti? Dhahabu ya mahari au ya urithi haina risiti. Kampuni huweza kukubali picha za karibu, cheti cha sonara, au tathmini ya mtaalamu, lakini muulize wakala anakubali kipi sasa, kabla ya wizi. Piga picha bangili ikiwa mezani kando ya rula, halafu nyingine ikiwa mkononi mwako. Zihifadhi nje ya nyumba, kwa barua pepe kwa mfano. Halafu malizia na *Pouvez-vous me le confirmer par écrit ?*, unaweza kunithibitishia kwa maandishi? Neno la mdomoni la wakala ni vigumu kulithibitisha siku ya madai.

Hotelini mambo ni tofauti kidogo. Sema *Je voudrais déposer un objet de valeur*, ningependa kuwakabidhi kitu cha thamani, nao wakupe hati. Kitu ulichokikabidhi mikononi mwa hoteli huiwajibisha bila kikomo. Ulichokiacha chumbani kikiibwa, kwa kawaida fidia haizidi mara 100 ya bei ya chumba kwa siku.

Na ukiibiwa nyumbani, nenda polisi useme *Je voudrais porter plainte pour vol*, ningependa kushtaki wizi, uchukue *récépissé*, yaani stakabadhi ya mashtaka. Kisha iarifu kampuni: *Je voudrais déclarer un vol*, ningependa kutoa taarifa ya wizi. Mikataba mingi hutoa siku 2 za kazi tangu ulipojua, nawe tuma taarifa kwa barua iliyosajiliwa, *lettre recommandée avec accusé de réception*, hata kama umeshapiga simu.